Kadi ya Meja

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimemaliza kadi ya arobaini. Ng'ombe jike, mwekundu, miaka mitano. "Alipenda kulala kivulini saa za mchana." Habari hiyo nilipewa kwa simu na Nkwabi, anayewaangalia ng'ombe kule shambani, kwa sauti ya mtu anayetoa siri. Yuko ng'ombe asiyependa kivuli?

Madam Evelina ana bucha hapa Nyamagana, ya vioo na kiyoyozi, na shamba mbele kidogo ya Buhongwa. Ng'ombe wake hawapigwi, hawapakiwi kwenye lori, hawafungwi miguu. Kila kifurushi cha nyama hutoka na kadi inayosimulia maisha ya mnyama. Mwandishi ni mimi. Shahada ya falsafa, daraja la kwanza — na sasa naandika wasifu wa marehemu, kisha marehemu anawekwa kwenye mizani.

Leo mama mmoja wa Capri Point, mtaa wa wenye pesa, kauliza kama huyo mwekundu aliteseka. Nikamwambia hapana. Akaweka mkono kifuani: afadhali. Halafu akaomba kilo mbili za steki na mifupa ya mbwa. Alichotaka kujua ni kama chakula cha jioni kitashuka vizuri. Kitashuka, mama. Usiwe na wasiwasi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekula nyama choma Igoma, pale kwa yule jamaa anayening'iniza paja nje, vumbi la barabara ya Musoma likiwa ndiyo chumvi yake ya kwanza. Rose, ninayepanga naye chumba, alinitazama natafuna.

"Huyu hajaandikiwa kadi?"

"Huyu hakusoma."

Alicheka hadi akapaliwa na pilipili. Mimi sikucheka sana. Naamini nilichosema. Nyama hii hainiombi niisifu. Mnyama kateswa, kachinjwa, kaliwa, na hakuna aliyekuja kuniambia kwamba alikuwa na bahati. Wale wa Capri Point wanataka vyote viwili: kula, na kushukuriwa na wanachokila.

Jumamosi, 6 Septemba

Wageni wanane wa shirika moja la mazingira walipelekwa shambani. Viatu vyeupe. Walishika pua kwa adabu.

Madam aliwaeleza kanuni yake kubwa: siku ya mwisho ng'ombe anaongozwa na mtu anayemjua. Kwa kamba iliyolegea. Hakuna fimbo, hakuna kelele. Asiposogea, anasubiriwa. Anaingia mwenyewe kwenye chumba cha kuchinjia, haogopi chochote. Kijana mmoja wa shirika alifuta macho. Halafu mishikaki ikaletwa.

Walipoondoka nilimwambia Madam kwamba kwa maoni yangu hili ndilo baya zaidi. Wa kwenye lori walau anajua yuko mikononi mwa maadui. Wetu tunamlea mpaka atuamini, halafu imani yake ndiyo tunayoitumia badala ya fimbo.

Hakukasirika. Yeye hakasiriki. "Kwa hiyo, Modesta, ungependa tumpige?"

Jibu nimelitafuta njia nzima mpaka nyumbani. Namdharau mtu anayeuliza swali rahisi hivyo, na najidharau kwa kushindwa kulijibu.

Jumanne, 9 Septemba

Baba kapiga simu. Hapigi siku za kazi. Mchuuzi wa mnadani alikuja kumtazama Meja, akamchoma fimbo karibu na jicho kuona kama anaona. Baba kamfukuza.

Meja ni maksai wetu. Walikuwa wawili, Meja na Sajenti. Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilitembea mbele yao na kamba begani, Baba nyuma na plau, mstari baada ya mstari, shamba letu kwanza kisha mashamba ya watu. Yale ya watu ndiyo yaliyonisomesha. Sajenti alipigwa na radi mwaka niliomaliza chuo. Meja kabaki peke yake na hakukubali mwenzake mwingine. Sasa ana miaka kumi na sita, meno yamekwisha, na majani kule kwetu yamekauka.

"Nataka nimlete kwenu," Baba alisema. "Ile kadi uliyonitumia nimeisoma mara tatu. Kwenu si hawapigwi?"

Nilimtumia picha ya kadi mwezi uliopita. Kwa majivuno tu — aone mwanawe anaandika.

"Hawapigwi, Baba."

"Na lori?"

"Hawapandi lori."

"Umeandika wewe mwenyewe?"

"Nimeandika mimi."

"Basi, mayu. Imeisha hiyo."

Mayu, mama. Huniita hivyo akiwa ametulia. Nilimwambia zizi limejaa. Akasema atasubiri. Nilimwambia ni mbali. Akasema Meja ana miguu. Ningemwambia nini tena? Kwamba nilidanganya? Kila neno la kadi zile ni kweli. Wateja mia wamezisoma na kuzitupa jalalani pamoja na karatasi ya nyama. Mtu mmoja tu kaziamini.

Ijumaa, 12 Septemba

Wamefika. Kwa miguu, siku mbili, kutoka ng'ambo ya Misungwi. Usiku walilala Usagara kwa mtu wa kwetu. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani, limejaa vumbi mpaka kola. Kibali cha mifugo alikikunja ndani ya kitabu cha nyimbo kisichafuke.

Niliogopa Meja atakuwa amenisahau. Nilitaka awe amenisahau. Alinusa mkono wangu, akazunguka nyuma yangu, akaweka kidevu begani. Ndivyo alivyofanya zamani tukifika mwisho wa mstari, tukimsubiri Baba ageuze plau.

Madam alimpa Baba shikamoo, akamtembeza. Baba alikagua kila kitu kama mtu anayetafutia mtoto shule ya bweni. Maji yanabadilishwa mara ngapi? Majani yanatoka wapi? Aliingia hata kwenye kile chumba. Akaangalia sakafu. Akamuuliza Nkwabi kisu kinanolewa lini, mbele ya ng'ombe au mbali.

"Mbali, mzee. Haoni kitu."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilitamani achukie kitu kimoja. Kimoja tu.

Madam alipiga picha: Baba, Meja, mimi katikati. Akaninong'oneza kwamba hii itakuwa kadi bora kuliko zote. Ana macho mazuri Madam. Yalikuwa na machozi ya kweli, na simu tayari inatafuta mwanga.

Nilimwomba Baba abaki mpaka Jumanne. Ng'ombe hupewa siku nne kutulia. Alikuwa anajifuta vumbi kwenye viatu, hakuinua uso.

"Mimi sitaweza, mayu. Wewe anakujua."

Jumapili, 14 Septemba

Kadi ya Meja. Jaribio la kwanza: "Alilima kwa miaka kumi na miwili." Nimechana.

La pili: "Alimsomesha mwandishi wa kadi hii." Nimechana vipande vidogo.

Rose kasema nimlete Meja hapa Igoma. Atalala upande wangu wa kitanda, yeye hana shida. Kisha akaona sura yangu, akaenda kununua mkate.

Sijala nyama tangu Ijumaa. Hakuna uamuzi wowote. Haishuki tu. Kwa hiyo mimi na yule mama wa Capri Point tumekuwa ndugu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeitwa shambani. Meja hamfuati Nkwabi. Kajaribu tangu Jumamosi, kwa majani, kwa chumvi, kwa maneno matamu. Anasimama tu. "Dada, huyu anakusubiri wewe," Nkwabi kasema. "Akisikia gari anainua masikio, akiona si wewe anayashusha."

Madam kaniambia kesho nitamwongoza mimi. Nikasema sitaki.

"Sawa."

Nikasema abaki hapa, ale majani tu.

"Mpaka lini?"

"Mpaka afe."

"Meno hana, Modesta. Atakufa kwa njaa amesimama kwenye majani. Ataanguka, na atakaa chini siku tatu, nne. Utakuwepo?"

Nikang'oa jani, nikalichana.

"Au tumpeleke mnadani," akasema. "Au nivunje kanuni, wanaume wanne na kamba. Uchague wewe. Sitakulazimisha."

Hakunilazimisha. Alinisubiri, kwa utulivu, kamba imelegea. Nilimtazama nikajua ninavyofanyiwa, hatua kwa hatua, na nikasema nitakuja kesho.

Falsafa! Miaka mitatu nilijadili kama mnyama ana haki. Mwalimu alinipa A. Hakuna aliyeniuliza ningefanyaje kama mnyama ananijua.

Jumanne, 16 Septemba, saa moja kasoro asubuhi

Naandika nimeegemea uzio, daftari juu ya goti. Mkono wa kushoto umeshika kamba.

Nimekuja mapema. Sikumwita. Alinisikia langoni, akatoka katikati ya wenzake, akaja. Nkwabi alinipa kamba, akarudi nyuma hatua ishirini, kama kanuni inavyotaka. Mchinjaji ameshafika, ananawa miguu kule upande wa pili, haonekani. Kila kitu ni safi. Kila kitu kiko kama nilivyoandika.

Nilisogea kutafuta pa kukaa. Akasogea. Nilihama jua. Akahama. Sijavuta kamba hata mara moja. Sasa yuko nyuma yangu, kidevu begani, ananipumulia shingoni. Pumzi yake ina harufu ileile ya mwisho wa mstari. Anadhani tunamsubiri Baba ageuze plau.

Nimejaribu kumdharau na yeye, kwa ujinga wake. Imenishinda.

Simu imelia. Ujumbe wa Baba: "Ameamkaje?" Sijajibu. Ameamka vizuri, Baba. Haogopi chochote.

Mlango wa chumba uko kushoto, wazi, sakafu imemwagiwa maji. Lango la barabara liko kulia. Nalo liko wazi, kwa sababu Madam yuko njiani na hapendi kupiga honi, ng'ombe wasishtuke. Barabara ile ndiyo waliyojia, Meja na Baba. Siku mbili. Na kule hakuna majani.

Nkwabi anasema, kwa upole, dada, muda umefika.

Kamba imelegea. Upande wowote nitakaogeukia, atakuja.