Nani Atasalimia Kwanza

Ijumaa, Julai 1998. Kericho.

Leo ukungu umelala juu ya majani ya chai tangu alfajiri, na mimi nimeshinda ndani yake kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Nimetembea kwenda kiwandani nikinusa chai inayokaushwa, nikiwaza kompyuta mbili zilizokataa kuongea.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya Mzee Mogaka kazini.

Wacha nieleze, maana nikija kusoma haya nikiwa mzee huenda nimesahau. Chumba cha mizani kina kompyuta kubwa inayojua kila kilo ya majani inayopita getini. Programu yake aliiandika Mzee Mogaka kwa lugha ya C. Ofisini kwa meneja kuna kompyuta mpya, na programu yake nimeiandika mimi kwa lugha nyingine, Pascal. Yangu inafaa kuuliza uzito, yake inafaa kujibu. Meneja alisema wazi kwamba mzee akistaafu kabla hazijaongea, tutarudia kubeba karatasi, na mimi nitarudi nyumbani Merigi kuchuma chai.

Wiki tatu hazijaongea. Waya uko sawa, laini inafunguka, halafu kimya. Skrini haionyeshi kosa lolote. Afadhali hata zingetukanana.

Nilizilaumu lugha. Nilisoma kitabuni kwamba mashine nyingine huandika nambari kuanzia nyuma, basi nikapindua zangu, nikazipindua tena, mwishowe nikaziandika zote kwa herufi tupu. Bado kimya. Juzi nilisinzia kwenye dawati baada ya chakula cha mchana, nikaota akina mama wawili wamekutana katikati ya mstari wa chai, vikapu vimejaa mgongoni, ukungu umewafunika hadi kiunoni, na hakuna aliyefungua mdomo. Niliamka nikiwa na huzuni ambayo sikuielewa.

Sasa aibu yangu ya kweli. Mzee Mogaka hukaa hatua tatu kutoka kwangu, na sikuwahi kumuuliza.

Kila siku saa nne asubuhi nilimpelekea chai. Alisema asante, tukaangalia dirishani, basi. Niliogopa asije akadhani huyu msichana hajui kitu. Tena nilivyolelewa, mdogo akikuta wakubwa husimama kimya mpaka asalimiwe. Nilingoja aseme, "Chebet, lete nione." Hakusema. Aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini na kuendelea na kazi yake.

Leo mchana nilimwona akifunga kikombe chake ndani ya sweta. Nikauliza.

"Mzee, hii programu yako inaanza aje?"

"Haianzi. Inangoja," alisema. "Mwenye amekuja ndiye anaongea kwanza. Yako inasema nini ikifika?"

"Hakuna. Inangoja yako iseme iko tayari."

Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kwani nani alikuambia mashine yangu itakusalimia?"

Hakuna aliyeniambia. Niliiandika hivyo bila hata kufikiria. Yake ndiyo kubwa, yake ndiyo ya zamani, basi yangu ilifika mlangoni na kusimama kwa heshima, wiki tatu. Kosa halikuwa la C wala la Pascal. Lilikuwa langu, nililibeba kutoka kwetu.

Nilipandisha mstari wa kuuliza juu ya mstari wa kungoja. Dakika mbili tu. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na katikati ya kelele ile uzito wa lori la mwisho ukatokea kwenye skrini ya meneja. Nilipiga kelele kama mtoto.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Nilikuwa nangoja uniulize," alisema. "Mtu akiwa kwa kazi yake, si vizuri mzee kuingilia."

Kisha akaingia chumba cha mizani, akakaa kwenye kibodi yake kwa muda. Nilidhani anaiaga tu, kwa hivyo nikamwachia nafasi. Saa tisa akachukua mwavuli, akatupa mkono sote, akaenda zake Londiani kulima viazi.

Kibarua changu kimebaki. Niliingia chumba cha mizani, nikafungua programu yake kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa mimi ndiye nitaitunza. Imeandikwa vizuri sana, imepangwa kama mistari ya shamba lililopogolewa. Pale chini, baada ya mahali inapofungua mlango na kungoja, kulikuwa na mistari michache yenye tarehe ya leo. Juu yake alikuwa ameandika maelezo kwa Kiswahili:

"Mgeni akinyamaza sekunde tano, msalimie wewe. Pengine ametoka Merigi."

Nimelia, sitaficha.

Programu yangu haiihitaji tena mistari hiyo, lakini sitaifuta. Ukungu umerudi dirishani na ninajiuliza yeye alihesabu sekunde ngapi, wiki hizo tatu, akiwa hatua tatu tu kutoka kwangu.

Jumapili baada ya kanisa nitaenda Londiani. Nitamsalimia mimi kwanza, hata kabla hajainua kichwa kutoka kwa viazi vyake.