Valvu za Wamalwa

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mzee Kinyanjui alinikuta nikiokota mayai. Alisimama nje ya banda la kuku, akavua kofia. Nikajua ana neno zito.

Anajenga. Nyumba za kupangisha, za ghorofa, kama wote hapa Ngoingwa, Thika, na msingi unapita pale pale ilipo pikapu yetu. Wachimbaji wanaingia Jumatatu ya tarehe kumi na tano. Alisema pole mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwenye ploti mwingine angetuma ujumbe kwa simu tu. Huyu alikuja mwenyewe, akaniambia mimi na kuku wangu hatuguswi. Ni pikapu tu. Kama haiwezi kutoka, anawajua watu wa vyuma vikuukuu wanaokuja na mizani yao.

Nilimwambia itatoka. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi.

Maana injini imefunguliwa! Mume wangu Wamalwa aliifungua wiki ya Pasaka. Gasketi ilikuwa imeungua, akatoa kichwa cha injini, akakifunika kwa gunia akakisukuma chini ya meza yetu ya kulia. Alikuwa bado anatafuta gasketi nyingine. Wiki iliyofuata presha ikamchukua akiwa kazini, kiwandani, kabla ya chai. Tangu hapo mayai ya hoteli ya Ruiru nayapeleka kwa boda, na kila safari kuna yanayovunjika. Mwenye hoteli ni mvumilivu, lakini juzi aliniambia kwa upole kuwa amepata mtu mwingine mwenye gari. Amenipa mwezi huu nijipange.

Hata hivyo, asante Mungu. Kuku wanataga.


Jumanne, 2 Septemba

Mitchell alipiga simu kutoka Kahawa Wendani, akiwa dukani. Nilimweleza. Akasema niuze tu, gari lenyewe limemzidi umri. Nikamwambia ni kweli, limemzidi, na ndilo lililomleta nyumbani kutoka hospitali, baba yake akiendesha polepole mpaka watu wa baiskeli wakatupita. Alicheka. Halafu akasema salio lake linaisha.


Jumatano, 3 Septemba

Gathogo amekuja! Ana gereji Ruiru, huko nyuma ya stendi, na yeye na Wamalwa walijuana kwa sababu ya hii pikapu. Datsun zilizobaki ni chache, na wenye nazo hujuana kama watu wa kanisa moja. Nilimuuliza kazi itakuwa kiasi gani. Akasema tutaongea ikitembea.

Gasketi ameshaipata. Mpya, bado imefungwa kwenye karatasi yake, ilikaa kwenye rafu ya duka fulani hadi mwenye duka akasahau kuwa anayo.

Halafu akauliza ziko wapi valvu. Nikamtolea kopo la rangi nililolikuta kabatini baada ya msiba, limejaa vyuma. Akachungulia ndani. Akatoa moja, akaipangusa kwa kidole gumba, akainusa.

"Mama Mitchell," akasema, "hizi zimeoga."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Kila valvu ina kiti chake kwenye kichwa cha injini. Zimekaa pamoja miaka mingi, zimelika pamoja. Ukizichanganya, kila moja inakalia kiti cha mwenzake, na moto wa injini unavuja. Fundi akizitoa huzipanga kwa mpangilio asisahau. Wamalwa hakuzipanga?

Alizipanga. Niliona kwa macho yangu. Alichukua trei yangu moja ya mayai, akazisimamisha humo vichwa chini, safu kwa safu, na vijiti vyake nyuma yake. Akaniambia trei hiyo nisiiguse hata nyumba ikiungua moto. Sikuigusa.

Sasa trei hiyo imeenda wapi?


Ijumaa, 5 Septemba

Nimejua.

Waceke wa mlango wa pili alikuja kuomba chumvi, akakuta kopo mezani, akafurahi. Akanikumbusha siku zile za msiba. Watu wa maombi walikuwa wanajaa hapa kila jioni kabla hatujamsafirisha Wamalwa kwenda kumzika nyumbani Bungoma. Wanawake wa ploti waliamua kuchemsha mayai ya kuwapa wageni wa mbali, trei zikapungua. Waceke akaona moja chini ya meza imejaa vyuma vyenye grisi. Akavimwaga kwenye karai. Lakini hakuvitupa, alisema, hapana, aliona ni vya marehemu. Akavisugua kwa sabuni ya unga, akavianika juani, akaviweka kwenye kopo safi. Vikang'aa kama vijiko!

Alivyokuwa akisimulia, mikono yake ilikuwa bado inasugua.

Nilicheka naye. Nikampa chumvi. Ya mpangilio sikumwambia.

Ningemwambiaje? Siku zile alilala sakafuni jikoni kwangu ili nisiamke peke yangu. Alinilisha uji kwa kijiko. Hata ile ovaroli ya kazi ya Wamalwa aliifua, akaipiga pasi, akaikunja. Ile ningetamani ibaki na harufu yake. Lakini aliipiga pasi hadi kola.


Jumapili, 7 Septemba

Kanisani mahubiri yalikuwa mafupi, Mungu ambariki mchungaji.

Gathogo alikuja baada ya chakula. Alikuwa ameinama kwenye kichwa cha injini nje ya mlango wangu wakati Waceke alipotokea na bakuli la githeri, akaniletea kama afanyavyo Jumapili. Gathogo mwenyewe ni mtu wa utani. Akainua valvu moja juu, akauliza kwa sauti ni nani huyu mama wa Thika anayefulia injini nguo. Waceke akasema ni yeye, kwa fahari kabisa. Gathogo akacheka, akasema basi ndiyo maana yeye fundi hajui sasa ipi ni ya kiti gani, na mama huyu ametupa kazi ya kusaga zote upya, na hata hivyo huenda isiwake.

Nilimkonyeza fundi. Nilichelewa.

Waceke aliweka bakuli juu ya ukuta, polepole sana. Akaniangalia mimi, si Gathogo. Akaenda.

Gathogo aliuliza amekosea nini. Nikamwambia kula githeri.


Jumatatu, 8 Septemba

Mlango wa Waceke umefungwa. Nilibisha. Akasema kutoka ndani kuwa kichwa kinamuuma. Niliacha mayai kizingitini. Jioni bado yapo.


Jumanne, 9 Septemba

Mikono inauma hata kalamu ni nzito, lakini lazima niandike.

Gathogo aliniachia kijiti chenye mpira wa kunyonya kichwani, na kikopo cha dawa ya kijivu yenye chengachenga kama mchanga laini. Yeye ana magari ya watu Ruiru, hawezi kukaa hapa siku nzima. Basi akanifundisha. Unapaka dawa ukingoni mwa valvu, unaiweka kwenye kiti, unashika kijiti kati ya viganja, unapekecha. Kama mtu anayepekecha moto. Huku na huku, unainua, unageuza kidogo, unapekecha tena. Hadi ukingo wote uwe na pete ya kijivu isiyokatika. Mahali palipokatika ndipo patakapovuja.

Nilikaa kwenye kigoda nje. Ya kwanza nilipekecha mpaka mgongo ukalia. Ningemaliza lini? Wachimbaji wanakuja Jumatatu.

Mlango wa Waceke ukafunguka. Alitoka akafagia mahali palipokuwa pameshafagiwa. Akafagia tena. Akaja akasimama kando yangu.

"Nipe moja," akasema.

Alileta kigoda chake. Gathogo aliniachia kijiti kimoja tu, kwa hiyo tulipokezana. Mikono yake ina nguvu kuliko yangu, amechuma kahawa ya watu tangu akiwa msichana. Valvu ya pili ilipopata pete yake, akaiinua kuitazama.

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

"Ningelia."

"Ulikuwa umeshalia ya kutosha nyumbani kwangu."

Akapekecha. Baadaye akasema kwamba, hata hivyo, hakuna mtu anayeweza kusema zilikuwa chafu. Tulicheka hadi mzee Kinyanjui akachungulia dirishani kwake kuona kuna nini.

Asante Mungu kwa Waceke. Naandika jina lake tena hapa: Waceke.


Alhamisi, 11 Septemba

Tumemaliza zote jana jioni. Leo Gathogo alizifunga mahali pake, akageuza kichwa cha injini, akamimina mafuta ya taa kwenye matundu. Kama valvu imekaa vizuri, mafuta hayapiti. Tulikunywa chai tukiyatazama, sisi watatu, kama watu wanaongoja mtoto aongee.

Hayakupita. Ila moja, ile ya mwisho upande wa rediata, inatoa jasho. Si kuvuja, ni jasho. Waceke alitaka tuisage tena. Gathogo akasema imekwisha kulika, tukizidi kusaga tutamaliza kiti. Itatembea. Itakohoa, lakini itatembea.

Wamalwa naye alikuwa anakohoa kila asubuhi kabla ya kuongea na mtu. Nimecheka peke yangu.

Tumepanga hivi: Jumamosi Gathogo ataifunga yote na kuiendesha mpaka gereji kwake Ruiru, ameniahidi nafasi pale mpaka nipate pa kuiegesha huku. Na nitapakia mayai ya hoteli. Yakifika mazima, mwenye hoteli ataona. Isipofika Ruiru, basi hata mimi sitaweza kumwambia tena Mitchell neno. Nitawaita watu wa mizani mwenyewe.

Mitchell anasema atakuja Ruiru kutuona tukiingia. Hakusema tena niuze.


Jumamosi, 13 Septemba

Naandika ndani ya gari. Juja, barabara ya kando, karibu na geti la hosteli moja ya wanafunzi. Daftari liko juu ya goti la kushoto. La kulia lina kazi.

Imewaka! Betri ilikuwa mfu, kwa hiyo ilibidi kuisukuma. Waceke alisukuma, na wapangaji wa vyumba vya nyuma, na mzee Kinyanjui na kofia yake, mzee wa miaka ile. Ilisogea hadi getini bila kusema kitu, halafu ikatikisika, ikapiga mshindo mmoja, kuku wakaruka, ikawaka. Gathogo akaning'inia dirishani akipiga kelele nipande, nipande isizime. Nilipanda inatembea. Waceke alikimbia kando yetu akinipa trei ya mwisho kupitia dirisha. Sikupata hata nafasi ya kusema asante. Niliona tu kitambaa chake kikibaki nyuma barabarani, akiwa ameinama, ameshika magoti, anacheka.

Inakohoa, ndiyo. Lakini kilima kile cha kutoka mtoni tulikipanda na lori likabaki nyuma.

Tulipofika hapa ekzosi ikakatika ikaanza kuburuta kwenye lami, cheche tupu. Gathogo ameenda ng'ambo kutafuta waya wa kuifungia. Hawezi kuzima injini, betri haitaiwasha tena, na ikiachwa yenyewe bila kukanyagiwa mafuta inazimika. Kwa hiyo akashuka, mimi nikasogea upande wake, akauweka mguu wangu kwenye pedali ya mafuta kwa mkono wake kama fundi wa viatu. Hapo hapo, akasema. Usiongeze, usipunguze.

Basi nimekaa. Kelele ni kubwa, wanafunzi wanaziba masikio wakipita. Mmoja ameniita shosho wa rali, mimi bibi wa kuku. Mayai yote mazima, nimeyahesabu kwa macho.

Mimi sijawahi kuendesha gari. Miaka yote nilikaa upande wa abiria, nikiangalia miguu yake.

Soja wa hosteli, mlinzi wa geti, amekuja dirishani. Kijana mpole. Anasema nimeziba geti, lori la maji limefika linataka kuingia, nisogeze mbele kidogo. Nikamwambia dereva ameenda kununua waya. Nikamwambia mimi si dereva.

Aliangalia mikono yangu kwenye usukani. Akaangalia mguu.

"Na huyo aliyekaa hapo, mama, ni nani?"

Lori limepiga honi. Gathogo simwoni. Nikiutoa mguu inazima, na ikizima hapa hatufiki Ruiru leo.

Soja amesimama mbele, anarudi kinyumenyume, ananipungia mkono nije, nije, kuna nafasi. Klachi ni mguu wa kushoto. Gia ya kwanza ni kushoto, juu. Kalamu naiweka