Ukurasa Uliofunguka Kabla ya Daktari

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na mkono umepunguza kuuma. Mimi mzima, ila kazi imenibana. Nimekabidhiwa tovuti ya hospitali yenu, ile mnayosomea majibu ya vipimo. Watu wanalalamika inajikokota. Sasa nimeifundisha kubahatisha: ukiwa bado unasoma ukurasa mmoja, yenyewe inavuta kimyakimya ule unaoelekea kuufungua, inauweka tayari ndani ya simu yako. Ukibonyeza tu, huo hapo. Mkuu wangu amenipongeza mbele ya wenzangu.

Nenda kapime huo uvimbe ulioniambia, mama. Hutasubirishwa.

Kitindamimba wako

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa kilicho kizima ni cherehani tu. Nilipima. Daktari alisema majibu atanipa mwenyewe Ijumaa, niende na mtu. Jumatano nikaingia kwenye tovuti yako kuangalia saa ya miadi, mtandao ukakatika. Nikabonyezabonyeza, ukurasa ukafunguka: saratani ya titi, imefika kwapani. Nilikuwa peke yangu, nimesimama, gauni la mteja begani.

Ijumaa sikwenda. Nimeshaambiwa, niende kufanya nini? Dada yako usimwambie.

Mama

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo siulizi hali. Kufuli nililiweka kwenye kitufe cha majibu, lisifunguke mpaka daktari aseme nawe. Lakini majibu yenyewe yalikuwa yameshaingia kwenye simu yako, na mtandao ulipokatika kufuli likakosa pa kuuliza, likaachia. Ni kazi ya mikono yangu. Nimeiondoa ile kubahatisha kwenye majibu.

Nakusihi urudi kwa daktari. Ikiishia kwapani bado kuna dawa. Naomba ruhusa kazini nije nikupeleke.

Kitindamimba wako

30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Simu hupokei. Dada anasema unashona huku mlango umeufunga kwa ndani. Nimeshindwa kunyamaza, nimemwambia. Ruhusa wameninyima. Mkuu anasema nirekebishe kwanza nilichoharibu kwa wagonjwa wengine.

Niandikie hata neno moja, hata la kunitukana.

Kitindamimba wako

17 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini unakula. Mkono ulipovimba nikashindwa kushika mkasi, dada yako akanipeleka kwa nguvu. Daktari mwenyewe ni msichana, mdogo kuliko wewe. Alinivutia kiti, akasema, "Kaa kwanza, mama."

Nikamwambia najua.

"Hata kama unajua, kaa."

Akakaa na yeye, akanishika mkono, ndipo akaanza kusema. Nililia kama mtoto, mimi ambaye nilikuwa sijalia tangu Machi. Imeshafika kwenye ini. Anasema ningewahi, wangekuwa na la kujaribu. Sasa watanipa dawa za maumivu tu.

Ningeambiwa hivyo mara ya kwanza, nadhani ningerudi. Wengine waache wamsubiri daktari, mwanangu.

Njoo ukiweza. Ila usije kuniomba msamaha. Sina tena nguvu za kukubembeleza.

Mama