Masikio ya Maren

Kwako Dada Solveig,

Pokea salamu nyingi, na pole kwa goti. Natumaini baridi ya huko Duluth haijalitonesha tena. Sisi tupo, tunapumua. Nikisema wazima nitakuwa najidai.

Umeniuliza habari za Maren mara tatu nami nikakaa kimya. Mwezi wa tisa mwalimu wake aliniita, akaniambia mtoto wa miaka minne na nusu asiyesema zaidi ya “maji” na “hapana” si mpole, amechelewa. Nikamjibu ni masikio. Mama mkwe akadakia kwamba hata mwanawe Curtis alichelewa kusema, na leo nani wa kumnyamazisha. Basi nikampeleka kwa daktari wa masikio mara mbili, na mara zote mbili daktari akasema, mama, huyu anasikia kuliko wewe.

Kisha ukaja msimu wa kuwinda kulungu. Curtis akapakia bunduki na bia, akaenda kambini msituni na kaka zake kwa siku tisa, kama wanaume wote wa hapa. Siku ya pili Maren hakukojoa kitandani. Siku ya nne nilikuwa nakaanga chapati za maji, akaniuliza mbona zimeungua, mama unapika huku unasinzia? Dada, nilikaa chini. Maneno yote alikuwa nayo, ameyaficha tu.

Siku ya saba gari la jirani likaunguruma nje. Akanivuta chini ya meza, akaniziba mdomo kwa kiganja, akaninong'oneza nisiseme kitu, baba asije akakasirika.

Sasa nikuambie, maana nimechoka kuutunza uongo huu. Ule mkono sikuuvunja kwenye barafu. Wala jino halikung'oka kwa kuanguka. Ni Curtis, tangu Maren yumo tumboni. Nilijipa moyo kwamba mtoto haelewi, nikawa nawahangaisha madaktari watafute ugonjwa masikioni mwake, na mimi najua ulipo.

Tuliondoka kabla hajarudi. Tumo kwenye nyumba ya kuwahifadhi kina mama. Akikupigia, wewe hujui kitu. Na usidhani kuondoka kumemponya mtoto. Jana niliangusha sahani jikoni. Maren akaja mbio, akasimama mbele yangu, akatandaza mikono, akafumba macho, akangoja.

Msalimie shemeji na watoto. Ukisali, mtaje Maren kwanza, mimi baadaye.

Mdogo wako,
Karin