Neno la Amne Lililobaki Kwangu

Ipuli,
S.L.P. 417,
TABORA.
7 Desemba 2024

Mpendwa Shangazi Recheli,

Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii itakufikia huko Masasi ukiwa mzima, wewe, Baba Wilbroad na watoto. Mguu wako unaendeleaje? Bibi huniuliza habari za mguu huo kila jioni, kana kwamba mimi ndiye ninayeukanda. Nimemwambia kwamba kwa mujibu wa barua yako sasa unatembea hadi kanisani bila fimbo, naye amesema atasadiki akikuona.

Sisi hapa miili ni mizima. Baba bado yuko stesheni ya Bukene na huja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Macho ya Mama hayajawa mabaya zaidi, lakini hayajawa mazuri pia. Mimi nimefunga shule juzi na Januari naingia kidato cha nne. Mvua zimeanza kwa kusitasita. Inanyesha siku moja, kisha tunaangalia mawingu juma zima.

Umeniomba nikuandikie habari za mwaka mzima za kikundi chenu cha Tufikiane, kwa sababu Mama kwenye simu hukwambia tu kuwa hawajambo. Ni kweli hukwambia hivyo. Nimeanza barua hii mara tatu na kuichana, kwa kuwa huwezi kuelezwa habari za kikundi bila kuelezwa habari zangu, na habari zangu si nzuri.

Nianze na shamba. Januari akina mama walilima pamoja lile shamba la kuazima njia ya Ulyankulu, wote kumi na wanne. Mahindi yalitoka vizuri, kisha jua likayakausha yakiwa yamefika magotini. Walichopata ni viazi vitamu tu, navyo vilikuwa vidogo kama ngumi za mtoto.

Machi walishona vitenge vya aina moja kwa ajili ya Siku ya Wanawake. Yule mcheshi wenu Amne alicheza mbele ya maandamano mpaka kiatu kikakatika, akaendelea na kimoja. Ninakumbuka siku hiyo kwa sababu sijamwona akicheza tena.

Mwezi wa sita walichemsha vile viazi, wakavikata na kuvianika kuwa matobolwa. Walitumia sufuria kubwa ya shaba, ile aliyoitoa Bi Najiat, mama yake Amne, wakati wewe ulipokuwa katibu. Nilikuwa pale nikimenya. Amne alirudia utani wake ule ule wa kila mwaka: "Wanyamwezi, inueni taratibu! Sufuria hii babu zenu waliibeba kichwani kutoka pwani, babu yangu, mwenye msafara, akiwa nyuma na mwavuli."

Mama Adriano, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, akamjibu, "Ndiyo maana imerudi kwa wenyewe. Babu yako alikuwa hajui hata kuwasha moto."

Walicheka mpaka Mama akaomba wamwache apumue. Nakuandikia hayo ili ujue kwamba mpaka mwezi wa sita watu hawa walikuwa wanapendana.

Sasa nifike kwenye misiba. Unaijua desturi kuliko mimi. Mwenzao akifiwa, kila mwanachama anakwenda na mzigo wake wa kuni, sufuria inatangulia, na jikoni pa mfiwa panakuwa pao mpaka matanga yaishe. Na unaijua kanuni, maana imeandikwa kwa mkono wako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: "Asiyefika misiba mitatu bila kutoa taarifa, amejitoa mwenyewe."

Mwaka huu Amne hakufika msiba wa mwezi wa tano, wala wa mwezi wa saba. Hakusema sababu. Watu wakaanza kusema kwamba anaringa, wengine kwamba kuni zetu zinamchafulia kanga. Ukweli ni kwamba Bi Najiat alikuwa amepotewa na akili kwa uzee. Alikuwa akitoka uani usiku na mchana akitafuta nyumba ya utoto wake, na mara nyingine alimwita Amne "we mtumishi" na kumfukuza. Amne aliona aibu watu wajue. Alimfungia ndani, akabaki naye.

Msiba wa tatu ulikuwa Agosti, alipofariki mume wa Bertila. Mchana huo nilikuwa natoka shule, nasoma njiani kama kawaida yangu. Amne alinisimamisha kwenye kona ya bomba. Yeye huniita Mwalimu.

"Mwalimu, funga kitabu kidogo," alisema. "Mwambie mama yako leo sitafika kwa Bertila. Mama hajui tena mlango ni upi na dirisha ni lipi. Mwambie yeye tu, asiwatangazie. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena nilivyosema."

Nikasema tena, neno kwa neno. Akanishika kichwa, akakimbia kurudi nyumbani.

Shangazi, nilipofika Mama alikuwa ameshakwenda msibani. Nikakaa kizingitini kumngoja. Nikafungua kitabu, zilikuwa zimebaki kurasa ishirini hivi. Mama alirudi baada ya siku mbili, akiwa hana sauti kwa moshi, akalala. Sikumwambia. Sikukusudia kuficha. Neno lilinitoka tu akilini, kama vile mtu anavyoacha mwavuli mahali.

Jumamosi iliyofuata walikutana uani kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia Mama, katibu wa sasa, muhtasari, kwa sababu ya macho yake. Mama Adriano alisoma kanuni, kisha akauliza, "Amne hayupo hata leo. Kuna yeyote aliyepewa taarifa naye?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikumbuka kila kitu, hata mkono wake kichwani. Nilikuwa nimekaa mkekani katikati ya wanawake kumi na watatu. Wewe unanijua. Darasani nikijua jibu hungoja aulizwe mwingine. Nilijiambia kwamba nitamwambia Mama baadaye, tukiwa wawili, kama Amne alivyotaka.

"Katibu?" Mama Adriano akamuuliza Mama.

Mama akasema, "Mimi sijapewa."

"Basi mtoto aandike: hakuna."

Nami nikaandika. "Hakuna." Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu huusifia. Neno hilo limekaa vizuri sana kwenye mstari.

Baada ya kuliandika, ikawa vigumu zaidi kusema. Kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana, kwa kuwa sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini sikusema jana. Amne alipelekewa habari kwamba amejitoa. Wanasema alirudisha tu kitenge cha Machi, amekikunja.

Bi Najiat alifariki Septemba, Alhamisi, alfajiri. Unajua Waislamu hawachelewi. Maziko yalipangwa baada ya sala ya alasiri, siku hiyo hiyo. Akina mama walikutana kwetu asubuhi kujadiliana. Mama alitaka waende. Wengine walisema kanuni ikipindwa mara moja itakuwa imevunjika, na kesho kila mtu atakaa kwake. Walibishana kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, huku sufuria ya Bi Najiat ikiwa imefunikwa kwenye kona ya stoo yetu. Adhuhuri ikapita. Walipofikia kwamba waende bila sufuria, kama majirani tu, jeneza lilikuwa limeshatoka.

Mimi nilikwenda nikitokea shule. Majirani wa msikitini walikuwapo, lakini jikoni hapakuwa na moto wa kueleweka. Amne alikuwa anachemsha chai kwenye birika la nyumbani, birika baada ya birika, kwa watu waliojaa mpaka barabarani. Mfiwa mwenyewe, Shangazi, ndiye aliyekuwa akipuliza moto.

Aliniangalia. "Umetumwa?"

"Hapana."

"Basi osha vikombe."

Niliosha mpaka giza likaingia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, tulikuwa tumeinama kwenye beseni moja. Sikusema. Niliona kwamba msiba ni wake na si mahali pa kujitua mzigo wangu, lakini sijui kama hiyo ilikuwa busara au woga tena.

Mwezi wa kumi, ilipokaribia arobaini, kikundi kilikutana kuamua kama kiende. Safari hii nilisimama. Daftari lilinianguka. Nilisema yote tangu kona ya bomba. Sikumbuki kama nililia, Bertila anasema nililia.

Mama Adriano akasema, "Levina! Mtoto mzuri asiye na neno. Kumbe neno ulikuwa nalo, umelikalia kama kuku."

Hakuna aliyecheka. Mama aliinuka, akachukua daftari na kalamu miguuni pangu, akarudi kukaa. Tangu siku hiyo anaandika muhtasari mwenyewe, uso umekaribia kugusa karatasi, herufi kubwa kubwa zinazopanda na kushuka. Hajanigombeza. Ingekuwa afadhali anigombeze.

Walikwenda arobaini wote, na kuni, sufuria imetangulia. Amne alisimama mlangoni akaitazama ikiingia uani kwao. "Iwekeni kivulini," alisema tu. Mama Adriano alimwomba msamaha mbele ya watu, na Amne akajibu, "Nyinyi mlifuata mlichoandikiwa." Maneno hayo yalinichoma, ingawa hakunitazama.

Kwa hiyo nilimfuata nyuma ya nyumba, nikamwambia mwenyewe. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Nilikuwa najua ulisikia," alisema. "Siku zote hizi nilidhani umemwambia mama yako, na mama yako ndiye aliyenyamaza. Nimemchukia, Mwalimu. Nimesoma naye tangu darasa la kwanza, nikamchukia mpaka kwenye sala zangu."

Jioni walitaka kumwachia sufuria iwe yake. Akakataa. Alisema mama yake aliitoa akiwa na akili zake zote, wakawapikie watu. Lakini walipomwomba arudi kikundini alitikisa kichwa. Sasa yeye na Mama wakikutana bombani wanaamkiana kama watu waliojuana kwenye foleni ya hospitali.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwisha. Wamebaki tisa. Watu wamekuwa waoga. Siku hizi mtu akiumwa jino tu anatuma watoto watatu kwa njia tatu kutoa taarifa. Shamba la njia ya Ulyankulu mwenyewe amelichukua, na hakuna aliyetafuta jingine. Nadhani mwakani kikundi kitakuwapo kwa jina tu, na nadhani ni kwa sababu yangu. Mama anasema nisijipe ukubwa, kwamba watu wazima kumi na watatu wangeweza kutembea mpaka kwa Amne wakamuuliza. Labda. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na jibu.

Nina ombi moja. Kanuni ile ni mwandiko wako. Kama utaona inafaa, waandikie. Sijui uwaambie nini. Wanakuheshimu, na mimi hawatanisikiliza tena juu ya jambo lililoandikwa.

Bibi anakusalimu sana na anauliza tena mguu. Baba anakusalimu, anasema atakupigia akipata salio. Mama anakusalimu. Nimemwambia nakuandikia ukweli, akasema, "Andika." Bertila na Mama Adriano wanakusalimu pia. Nawe unisalimie Baba Wilbroad, Wilbroad mwenyewe na wadogo zake wote.

Salamu za Amne nimeziweka mwisho makusudi. Kwenye barua yako uliandika, "Mfikie na mcheshi wangu Amne, mwambie namkumbuka." Barua ilifika tarehe ishirini na sita ya mwezi uliopita, nikaisomea njiani. Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja na sare yangu, begi mgongoni, nikamwambia neno kwa neno kabla hajanikaribisha.

Akasema anayo majibu, ila hataki niyabebe kichwani. Akaningoja nitoe kalamu. Nimeyaandika pale pale kizingitini kwake, yeye akiangalia, kisha akaniambia nimsomee. Ni haya:

"Mwambie Recheli mama amekufa. Mwambie na mimi namkumbuka. Akija Tabora asipitie kwenye kikundi, aje nyumbani kwanza."

Mungu akulinde, Shangazi, wewe na nyumba yako, na akupe njia ya kuja.

Ni mimi binti wa kaka yako, ninayekupenda hata ninapokuwa kimya,

Levina