Nyuma ya Plaiwudi Uliyonipigilia

Mpendwa kaka Wambura,

Jana Mama alikuja kukuona mahabusu, akaniletea neno lako: niseme mahakamani kwamba Baba Nyangeta aliteleza. Nimelibeba kifuani, na kifua changu unakijua, hakibebi vingi.

Nakumbuka nyumbani Kiabakari, nilipojikwaa kwenye kisiki nikang'oka ukucha. Ulichukua shoka ukakikatakata mpaka mizizi ikabaki nje kama matumbo. Mama akacheka mlangoni: "We Wambura, umemaliza ugomvi na kisiki? Sasa njoo umfunge mwenzako kidole." Ndivyo ulivyokuwa. Kilichoniumiza, ulikiua.

Tulipopanga Mwisenge, ukuta wa chumba changu ulipakana na bafu la mwenye nyumba, huyo Baba Nyangeta. Ulikuwa na doa. Alipojua wewe ni seremala, alileta plaiwudi mwenyewe. "Mpigilie mdogo wako hapo ukutani, chumba kipendeze." Ulipiga misumari ukiimba, ukapaka vanishi, ukaniuliza, "Nani Musoma hii analala ndani ya kabati kama wewe?" Tulicheka sana.

Kisha nikaanza kukohoa, mpaka makohozi yakawa na damu. Dirisha nilikuwa nalifungua kila asubuhi. Tulimwambia Baba Nyangeta chumba kinanuka, akajibu, "Nyie mnapikiaga ndani, mnaanikaga nguo ndani, halafu mnalalamika."

Siku ulipoing'oa ile plaiwudi, ukuta ulikuwa mweusi, una manyoya kama mzoga. Maji ya bomba lake yalikuwa yanachuruzika humo humo, taratibu. Kichwa changu kilikuwa kinalala kiganja kimoja tu kutoka kwenye ule ukungu. Baba Nyangeta alikuja, akatazama, wala hakushtuka. Hapo nikajua kwamba alikuwa anajua.

"Ubao umeupigilia wewe," alikwambia. "Kwa mkono wako. Mimi unanilaumu nini?"

Nyundo ilikuwa mkononi mwako, ileile. Nilisikia taya lake likivunjika. Alianguka, ukampiga tena akiwa chini. Nilikuvuta shati likachanika, ukaendelea. Damu iliruka ukutani, ukungu ukainywa. Ulikuwa unapiga kelele, na jina ulilokuwa unalitaja lilikuwa langu.

Kaka, nadhani uliyekuwa unampiga ni wewe mwenyewe. Lakini wewe hukujua kilichokuwa nyuma ya ubao. Kufungua dirisha ilikuwa kazi yetu, tulifungua. Kusema, tulisema. Bomba lilikuwa lake, akalifunika kwa furaha yako. Namchukia mpaka meno yananiuma. Kuna saa natamani nisingekuvuta shati.

Juzi mwanawe alikuja, akitoka kumwangalia baba yake hospitalini. "Dada, sema ukungu ulitokana na mvuke wenu, sisi tutaiondoa kesi." Nikamfungia mlango usoni, nikageuza ufunguo mara mbili, maana kwa sentensi moja ningekurudisha nyumbani.

Jumatatu naitwa mahakamani. Sitasema ulikuwa mvuke wetu. Wala sitasema aliteleza. Nitasema ulimpiga, na kwamba alikuwa chini ukampiga tena. Nitasema pia alichokificha, na nani aliyekipumua. Nimehifadhi kipande cha ile plaiwudi. Upande mmoja vanishi yako bado inang'aa, upande wa pili ni mweusi. Nitakigeuza mbele yao, waone kote.

Ukifungwa, nitakuja kukuona kila watakaponiruhusu, kikohozi kikiwepo au kisiwepo. Ukikataa kunitazama, nitakaa hapohapo.

Ni mimi, mdogo wako uliyemkatia kisiki.