Shahidi wa Askari wa Roma

Shangazi, shikamoo.

Huku Bondeni joto halina huruma, lakini mahamri na mbaazi za Bi Zuhura hunisahaulisha. Leo nimemsimulia riwaya yangu: kijana mtumwa anajiandikisha jeshini Roma akidai ni mwungwana, na akigunduliwa atauawa. Bi Zuhura akageuza mahamri kwenye mafuta, akaniuliza, "Na shahidi wake nani? Mimi kwa kitambulisho tu niliambiwa nilete wazee wa mtaa."

Kweli, shahidi sikuwa nimemwandika. Nikakukumbuka wewe mbele ya chifu nilipotafuta kitambulisho changu, ukiapa bila kupepesa macho kwamba umenizaa. Basi kijana wangu sasa ana shangazi, na hakuna afisa wa Kirumi atakayemweza.

Nakuletea achari ya embe.

Mwanao wa kiapo,
Mwadime